Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akohoe vipi?

KUKOHOA ni kinga ya mwili. Mapafu yenye afya hutoa ute kidogo, nao husukumwa juu na vinyweleo vidogo mno vilivyotanda katika njia za hewa hadi kooni, ambako mtu huumeza bila kujua.

Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, uwe umeletwa na sigara, moshi wa kuni uliovutwa jikoni kwa miaka mingi au makovu ya kifua kikuu kilichokwisha kutibiwa, vinyweleo hivyo hudhoofika. Ute huzidi na kuwa makohozi mazito. Yasipotolewa, mgonjwa hukosa pumzi na viini vya maradhi hupata makao.

Wengi hudhani dawa ni kukohoa kwa kishindo. Sivyo. Njia za hewa zilizodhoofika husinyaa zinapobanwa kwa nguvu. Makohozi hunaswa humo, naye mgonjwa huishia kuchoka na kuumwa kifua. Kinachoyatoa makohozi ni hewa iliyo nyuma yake, wala si ukubwa wa sauti.

Hatua za kufuata

Keti kitini, nyayo zikikanyaga sakafu, kisha uiname mbele kidogo. Kunja mikono juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kwa pua, uizuie kwa sekunde 2 au 3 ili hewa ipenye nyuma ya makohozi.

Sasa bonyeza tumbo kwa mikono huku ukikohoa mara 2 au 3, kwa ufupi, mdomo ukiwa wazi kidogo. Kikohozi cha kwanza hulegeza makohozi, vinavyofuata huyapandisha. Tema kwenye karatasi laini au chombo chenye kifuniko.

Ukimaliza, vuta pumzi tena kwa pua, taratibu. Ukiivuta kwa pupa, makohozi yaweza kurudi chini na kukohoa kukaanza upya. Pumzika kabla ya kurudia.

Asiye na nguvu za kukohoa atumie njia nyingine: avute pumzi ya kadiri, kisha aitoe kwa msukumo mmoja, mdomo na koo vikiwa wazi, kama anayepulizia kioo cha miwani apate kukifuta. Hutoka sauti ya "haa". Akisikia makohozi yamefika juu, akohoe mara moja.

Wakati ufaao

Wagonjwa wengi husongwa na makohozi asubuhi. Aliyeandikiwa dawa ya kuvuta ya kupanua njia za hewa huitumia kwanza, kisha akasubiri ianze kufanya kazi. Maji ya kunywa husaidia, ila aliyeagizwa na daktari kupunguza maji kwa sababu ya moyo au figo asivuke kiasi alichopewa. Dawa za kuzima kikohozi zisinunuliwe ovyo, kwani huyaacha makohozi kifuani.

Mwone daktari makohozi yakibadilika rangi au kuongezeka, au homa ikipanda. Ukitema damu, pumzi ikikuishia kuliko kawaida au midomo ikigeuka buluu, nenda hospitalini bila kukawia. Naye mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi ambacho hakijulikani chanzo, apimwe kifua kikuu kwanza. Mbinu hizi hutoa makohozi, haziponyi ugonjwa.