Kutoka Kikwanguo cha Récamier hadi Mrija wa Cornier

Katika miaka ya 1840, jijini Paris, daktari Joseph Récamier alitengeneza kikwanguo chenye mpini mrefu na ncha kama kijiko. Aliwatibu wanawake waliotokwa na damu mfululizo, akiamini chanzo ni vinyama vilivyoota ndani ya mji wa mimba. Akawa anapitisha chuma kwenye mlango wa kizazi na kukwangua. Etha, dawa ya usingizi, ilikuwa bado kuonyeshwa hadharani kule Boston; hilo lilifanyika mwaka 1846. Ukuta wa mji wa mimba ukitobolewa, zama hizo ambazo madaktari hawakujua habari za vijidudu, mgonjwa aliweza kufa.

Récamier alikwangua ili kutibu. Katika miaka ya 1870 Carl Ruge na Johann Veit, wa Berlin, walianza kuzichunguza nyama zilizokwanguliwa kwa hadubini, na ndipo kilichokuwa kikitupwa kikawa ushahidi wa ugonjwa. Wakati huohuo Alfred Hegar wa Freiburg alileta vyuma vya kupanua mlango wa kizazi hatua kwa hatua. Kupanua na kukwangua, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, kukawa kazi ya kila siku hospitalini. Huku Afrika Mashariki wengi wanaijua kwa jina la kusafishwa, hasa baada ya mimba kuharibika.

Je, ilikuwa lazima mwanamke alazwe usingizi kwa ajili ya kipande kidogo cha nyama? Mwaka 1925 Howard Kelly wa Baltimore aliandika kwamba inawezekana kukwangua bila nusukaputi, kwenye meza ya kliniki. Miaka 10 baadaye Emil Novak, wa mji huohuo, alieleza bomba jembamba la chuma lenye tundu la meno ubavuni, likiungwa na sindano ya kuvuta. Wadenmark nao wakaleta Vabra, bomba lililofyonza kwa pampu ya umeme.

Kisha mwaka 1984 Edmond Cornier, naye wa Paris, akaeleza Pipelle: mrija wa plastiki unaopindika, wenye kipenyo cha milimita 3.1 na tundu dogo karibu na ncha. Ndani yake mna pistoni. Daktari akiivuta, hewa hupungua mrijani na nyama huingia yenyewe, huku mrija ukizungushwa na kusogezwa mbele na nyuma. Hakuna pampu wala umeme, na ukishatumika hutupwa. Kwangu mimi hiki ndicho kifaa bora katika historia hii yote, kwa sababu zahanati isiyo na chumba cha upasuaji inaweza kukitumia.

Majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba, kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, Pipelle iligundua zaidi ya asilimia 99 ya saratani za ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Hata hivyo mrija hugusa sehemu ndogo tu ya ukuta huo, na uvimbe uliojificha pembeni huweza kukwepa. Damu ikiendelea baada ya majibu mazuri, uchunguzi uendelee, ikibidi kwa kamera.

Na maumivu bado yapo. Wengine husikia mkazo mkali tumboni, hata kuzimia. Mwanamke ana haki ya kuambiwa hivyo mapema, apewe dawa ya maumivu, na akisema basi, mkono wa daktari usimame.