Misingi ya Saikolojia: Kumbukumbu na Kusahau

Saikolojia, au elimu nafsi, ni elimu inayochunguza akili na mwenendo wa mwanadamu. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara ya elimu hii mjini Leipzig, Ujerumani, na tangu hapo ikahesabiwa kuwa fani inayojitegemea. Hapa tutaeleza mada moja ya mwanzo, nayo ni kumbukumbu, kwani watoto wengi huitwa wajinga, na wengine huchapwa, kwa kusahau leo walichokisoma jana.

Wataalamu huigawa kazi ya kumbukumbu katika hatua tatu:

1. Kupokea. Aliyesoma huku moyo wake uko kwingine hakupokea kitu, basi hana cha kukumbuka.

2. Kuhifadhi. Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani aliandika kuwa hubeba takriban vitu saba kwa pamoja. Ndiyo maana somo refu hugawanywa vipande vipande.

3. Kukumbuka. Jambo laweza kuwa limehifadhika lakini lisimjie mtu mara moja. Akitajiwa neno la mwanzo, hulipata lote.

Ama kusahau, aliyekuchunguza mapema ni Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani. Alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, na akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kuwa sehemu kubwa ya alichohifadhi ilipotea katika saa za mwanzo, kisha upotevu ukapungua kasi. Aliona pia kuwa kilichosahauliwa huhifadhiwa tena kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza, na kwamba kurudia kwa siku mbalimbali kunafaa zaidi kuliko kurudia sana katika kikao kimoja.

Walimu wetu wa hifdhi wanalijua hili kwa vitendo, ndiyo maana husisitiza murajaa.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi na walimu: kusahau ni maumbile ya mwanadamu, si dalili ya ujinga. Muulize mtoto somo la jana kabla hajafungua kitabu. Akikwama, mpe neno la mwanzo. Kisha mrudishie somo hilo kesho, na tena wiki ijayo. Kumchapa hakumkumbushi, kinachomkumbusha ni kurudishwa kwenye somo lake kwa subira.