Dhahabu Haipandi Treni

Ndugu msomaji, siku ukipanda gari moshi kutoka Tabora kwenda Mwanza, usilale. Wengi wetu tukiingia njia ile tunavuta shuka na kusema, "Aah, pori tupu." Si kweli. Dirishani kuna historia, nayo inasomwa stesheni moja moja: Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba, Fela.

Tuanze na swali. Reli hii ililetwa na nani, na kwa nini?

Wajerumani walianza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Tabora wakafika 1912, Kigoma 1914, kisha vita vikawakuta. Usukumani hawakuleta reli. Siku hizo mzigo wa Mwanza ulivuka ziwa hadi Kisumu, ukapanda treni kwenda Mombasa. Waingereza walipoitwaa nchi wakatandika tawi la Tabora hadi Mwanza, karibu kilomita 380, likakamilika mwaka 1928. Eti maendeleo! Hesabu yao kubwa ilikuwa pamba: ilimwe kwa wingi, ishuke Dar es Salaam, ivuke bahari.

Sasa tazama Geita, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Dhahabu ilichimbwa huko tangu miaka ya 1930, lakini reli haikuwafikia. Mwaka 1940 John Williamson akagundua almasi Mwadui, jirani kabisa na mji wa Shinyanga. Jamani, almasi ya utajiri mzima inaingia kwenye mfuko wa shati! Robota la pamba ndilo linalodai behewa.

Ndiyo maana nasema reli ile ni ya mkulima. Dhahabu na almasi zina kelele nyingi, lakini aliyeyajaza mabehewa ni mama na baba wa jembe la mkono. Na hao hawakuwa wajinga. Walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi waliunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Vijana wangapi mjini tunalijua hilo? Sisi ukitutajia Kanda ya Ziwa, tunataja dhahabu tu.

Kati ya Mwanza na Isaka ujenzi wa reli mpya, pana kuliko ile ya mita moja, ulianza mwaka 2021. Ni jambo jema. Lakini treni ya kasi haina muda wa kusimama kila kijiji, na wazee waliobeba marobota wanazidi kupungua.

Basi, kijana mwenzangu unayetafuta hadithi ya kuandika, chukua daftari, kata tiketi ya daraja la tatu. Ukimwona mzee aliyekaa mkabala nawe, mwamkie. Halafu muulize alilima nini, na nani alipima.