Malale: ugonjwa unaorudi nyumbani

Kabla daktari hajatamka jina la ugonjwa, mama huwa amekwisha kuona jambo. Mtoto aliyekuwa mwepesi wa kutumwa sasa anaketi kizingitini na kukaa tu. Homa ilimjia, ikaondoka, ikarudi. Nyuma ya shingo tezi zimevimba. Shuleni anasinzia juu ya daftari. Usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, yeye yu macho anazunguka uani. Anacheka pasipo sababu, kisha anamrushia dada yake jiwe. Tonge linabaki kinywani bila kutafunwa, kwa maana usingizi umemkuta akila.

Vijana wapendwa, hivyo ndivyo malale yalivyoingia katika familia nyingi za nchi yetu, na ndivyo yanavyoingia hata leo pale yalipobaki. Mbung'o anayeuma kando ya mto huleta kijidudu kiitwacho tripanosoma. Kwanza hukaa katika damu na katika tezi. Baada ya miezi, pengine miaka, huingia katika ubongo na kuuvimbisha. Asiyetibiwa hufa, isipokuwa wachache mno. Hata aliyetibiwa aweza kuugua tena, kwa kuwa vijidudu vichache vilijificha mahali ambapo dawa haikufika. Kurudi huku ndiko tunakotaka kukufikiri pamoja nanyi, kwa sababu kumeyavunja mabaraza ya familia mara nyingi kuliko ugonjwa wenyewe.

Uvimbe wa shingo ulijulikana zamani. Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyekuwa Sierra Leone, aliandika kwamba wafanyabiashara wa watumwa walikataa kumnunua mtu mwenye dalili hiyo. Waliipima thamani ya mwanadamu kwa kidole shingoni! Miaka mia moja baadaye kidole kilekile kilirudi, safari hii mkononi mwa madaktari. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 250,000 katika Uganda, kando ya ziwa Victoria, na dola ya mfalme Leopold ikaogopa kupoteza wafanyakazi wake. Mwaka 1903 wataalamu kutoka Liverpool walialikwa Kongo, miongoni mwao Dutton na Todd. Walisafiri kijiji kwa kijiji wakipapasa shingo za watu. Dutton hakurudi kwao: alifariki Kasongo mwezi wa Februari 1905 kwa homa ya papasi, ambayo nayo alikuwa akiichunguza.

Yaliyofuata ni lazareti. Mtu aliyeonekana ana tezi alitengwa, akapelekwa mbali na kijiji chake. Masista wa kimisionari waliwauguza wengi kwa upendo wa kweli, nasi hatutaki kuusahau. Lakini dawa iliyokuwepo, atoksili, ilikuwa na arseniki ndani yake, iliwapofusha wengine, wala haikuweza kuuponya ubongo uliokwisha kuvimba. Basi familia ziliona watu wakienda, hazikuona watu wakirudi. Unadhani mama angefanya nini kwa mtoto aliyeanza kusinzia? Alimficha. Maandishi ya wakoloni yaliuita ufichaji huo ujinga na ukaidi. Sisi twaona vingine: mama huyo alikuwa amehesabu sawasawa.

Mambo yalibadilika polepole. Daktari mwanamke kutoka Marekani, Louise Pearce, alifika Léopoldville mwaka 1920 kuijaribu triparsamidi, dawa ya kwanza yenye nguvu kiasi ya kufika ubongoni. Vikundi vya wauguzi vikaanza kuzunguka vijijini, vikipima watu wote na kuwatibu karibu na nyumba zao. Hadi karibu na uhuru, mwaka 1960, wagonjwa wapya katika Kongo yote walikuwa kama elfu moja kwa mwaka. Kisha vikundi vikapungua, fedha zikakatika, vita vikafunga njia. Na mwaka 1998 nchi yetu iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000. Hao ni wale waliofikiwa tu.

Katika miaka hiyo dawa ya ubongo ilikuwa melasoproli, iliyotengenezwa mwaka 1949. Nayo ilikuwa na arseniki. Iliunguza mshipa ilipopita, na wagonjwa waliifananisha na moto. Ilimponya mtoto mmoja, na kwa mwingine yenyewe iliuvimbisha ubongo; takriban watu 5 kati ya 100 waliotibiwa waliuawa na matibabu. Baba alipompeleka mwanawe alijua hayo, kwa maana habari zilitangulia. Baada ya kupona palikuwa na miaka miwili ya kurudi kituoni, kila miezi 6, mtoto achomwe sindano mgongoni ili maji ya uti wa mgongo yachunguzwe. Mwendo wa siku nzima, pengine siku mbili, kwa ajili ya mtoto ambaye machoni pa majirani alikuwa mzima. Wengi waliacha kwenda. Na mahali pengine hadi wagonjwa 30 kati ya 100 waliugua tena.

Hapo ndipo jeraha lilipokuwa. Ugonjwa wa kwanza jamaa hustahimili: huchanga, huuza mbuzi, hulala hospitalini kwa zamu. Lakini mtoto aliyepona anapoanza tena kutembea usiku na kucheka peke yake, maneno hubadilika. Shangazi anauliza ni nani aliyemrudishia. Mjomba anasema dawa ya wazungu haiwezi ugonjwa uliotumwa. Wengine wanamtazama mtoto mwenyewe na kunong'ona kwamba si mgonjwa, ni mchawi, maana mtu wa kawaida hawezi kukesha hivyo. Tunajua, nanyi mnajua, mtoto anayeitwa hivyo analala wapi baada ya juma moja. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu. Hata hivyo sheria hukaa Kinshasa, na uvumi hukaa jikoni.

Lipo jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Dawa iliyokuwa bora kuliko arseniki, eflonithini, ilikubaliwa kwa malale mwaka 1990. Muda si mrefu utengenezaji wake ukaachwa, kwa sababu wanunuzi walikuwa maskini. Kisha ikagunduliwa kwamba dawa hiyohiyo, ikipakwa, huzuia nywele kuota usoni mwa wanawake, na kwa urembo huo ikapata soko. Mwaka 2001, baada ya madaktari na mashirika kupiga kelele, kiwanda kilikubali kuitoa bure kwa wagonjwa wa Afrika. Mtoto wa Kongo aliipata nyuma ya krimu ya uso.

Tangu mwaka 2009 eflonithini ilichanganywa na dawa ya pili, na matibabu yakawa mafupi. Kisha vikaja vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa hasa hapa kwetu na katika Afrika ya Kati, chini ya uongozi wa daktari Mkongomani, Victor Kande. Nchi yetu iliviandikisha Desemba 2018. Ni siku 10 za kumeza, kila siku pamoja na chakula. Mtoto asiyetimiza miaka 6 au kilo 20 hapewi. Katika majaribio vilifaulu kwa wagonjwa 91 kati ya 100, na sindano kwa 98. Kwa hiyo wapo bado watakaoona ugonjwa ukirudi, na wa kwanza kuuona atakuwa yule anayelala chumba kimoja na mtoto. Wahudumu wanalijua hili sasa: mama anafundishwa dalili, anaulizwa usingizi ukoje, anapewa tarehe ya kurudi.

Naye usiku, baada ya taa kuzimwa, hukaa kidogo akisikiliza upande ule mwingine wa chumba. Mtoto anapumua polepole. Imebaki miezi 8.