Mwigizaji wa nafasi za ujakazi aliyeshinda mahakamani

Oktoba 1, 2023, Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington kilikabidhiwa Oscar mpya kuziba pengo la ile iliyopotea chuoni hapo. Mwenyewe, mwigizaji Hattie McDaniel, alikuwa kaburini tangu 1952. Tuzo ya awali aliiachia Howard katika wosia wake, ikapotea mikononi mwa waliopewa waitunze. Uvumi ulisema wanafunzi waandamanaji waliitupa mtoni. Profesa wa sheria W. Burlette Carter alilichunguza jambo hilo na hakuona ushahidi wa kuwatwika wanafunzi lawama.

Hattie alizaliwa Wichita, Kansas, binti wa wazazi waliozaliwa utumwani. Baba yake alipigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Binti akakulia Denver, akazunguka na vikundi vya muziki na maigizo, akafika Hollywood mwaka 1931. Huko akawa mpishi, yaya, mjakazi, mara nyingi bila hata jina lake kuandikwa kwenye filamu. Februari 29, 1940, akawa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa nafasi ya Mammy katika Gone with the Wind. Hoteli ya Ambassador, ilikofanyika sherehe ya tuzo, haikuwa ikipokea Weusi. Aliombewa ruhusa ya kuingia, akakalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Alichopewa kilikuwa kibao, kwani washindi wa nafasi saidizi hawakuwa wakipewa sanamu miaka hiyo.

Hayo yamesimuliwa sana. Shauri la nyumba yake halijasimuliwa vya kutosha.

Hattie alinunua nyumba kubwa West Adams Heights, mtaa wa Los Angeles ambao watu waliuita Sugar Hill. Waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters nao walikuwa na nyumba humo. Lakini hati za viwanja zilikuwa na sharti: asiye mzungu asimiliki wala kukaa. Baadhi ya majirani wazungu wakafungua kesi ili Weusi waondolewe. Hattie hakusubiri wakili amsemee kila kitu. Siku za Jumamosi aliwakusanya wakazi wenzake nyumbani kwake kujiandaa, na siku ya kesi, Desemba 1945, aliingia mahakamani na waungaji mkono wapatao 250. Wakili wao, Loren Miller, alidai sharti hilo linakiuka Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Jaji Thurmond Clarke alikwenda kwanza kuutazama mtaa wenyewe. Kesho yake akaitupa kesi. Mwaka 1948 Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliosimama Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo.

Nayasema haya kwa sababu Hattie alilaumiwa sana na watu wake. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, aliishinikiza Hollywood iachane na wahusika wajakazi na vikaragosi, naye Hattie akaona White anataka kumnyang'anya mkate. White alikuwa na haki kuhusu filamu zile, zilipamba utumwa. Ila kumwita Hattie kibaraka ni kumdhulumu mwanamke aliyewakusanya majirani wakashinda.

Mwaka 1947 alianza kuongoza kipindi cha redio cha Beulah, akiwa mjakazi tena, kisha akarekodi vipindi vichache vya televisheni kabla saratani ya matiti haijamlaza. Aliomba azikwe makaburi ya Hollywood. Wakamkataa kwa rangi yake, akazikwa Rosedale. Mwaka 1999 wamiliki wapya wa makaburi yale waliwapa ndugu zake nafasi ya kumhamishia huko. Familia ikakataa ili asisumbuliwe, ikakubali ajengewe mnara wa kumbukumbu tu. Miaka ya 1960 barabara kuu ya Santa Monica ilikuwa imekwisha kukatwa katikati ya Sugar Hill, na nyumba nyingi za mtaa huo zikabomolewa.