Kodiani Ilivyoingia Harusini, na Ilivyotolewa

Zamani Unguja, mwenye harusi aliyetaka kodiani hakuhangaika kumtafuta mpigaji wake. Aliialika klabu nzima ya taarabu: Akhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club ya mwaka 1958. Kodiani ilikuja na wenzake: fidla, udi, ganuni, nai, dumbaki na rika. Mwenyeji alijipanga kwa usafiri na chakula, na usiku wageni wakainuka mmoja mmoja kumtuza mwimbaji.

Chombo chenyewe ni cha Ulaya. Cyrill Demian alikisajili Vienna mwaka 1829, kikiwa kisanduku cha vibonye tu. Funguo kama za piano zilifuata baadaye. Taarabu nayo kwa kawaida huhesabiwa tangu enzi ya Sultani Barghash (1870–1888), aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, nyimbo zake zilisimama juu ya udi, fidla na ngoma. Kodiani ilipata kiti baadaye, vilabu vilipovutwa na okestra kubwa za Cairo zilizosikika kwenye santuri, redio na filamu.

Ilikuwa na faida ambayo piano haikuwa nayo: mtu mmoja huibeba begani, na sauti yake hujaa uwanja mzima bila umeme. Tatizo lilikuwa ndimi zake za chuma. Kiwandani hupangiwa sauti za Kizungu, ilhali makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zina robo sauti ambazo mpiga fidla huzipata kwa kusogeza kidole tu. Mafundi wa Misri waliifungua kodiani, wakazikwangua ndimi: ukikwangua nchani sauti hupanda, ukikwangua shinani hushuka. Kazi ya subira hiyo, maana chuma kilichokwanguliwa hakirudi.

Msikilize mpiga kodiani hodari, kama Taimur Rukun wa Culture. Katika bashrafu, kipande cha ala tupu, hukimbia sambamba na fidla. Mwimbaji akianza, hunyamaza karibu kabisa, mivukuto ikipumua taratibu. Mshororo ukiisha ndipo anajibu kwa mapambo mafupi, kisha anajiondoa kabla ya neno linalofuata. Kwangu mimi, uungwana huo wa kujua wakati wa kunyamaza ndio taarabu yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa, kundi la East African Melody likiwa mstari wa mbele. Kinanda cha umeme kikabeba kazi ya fidla, ganuni na kodiani kwa pamoja. Wapigaji wachache, gharama ndogo, sauti kubwa, na wanawake wakapata mipasho ya kuchezea. Nani angewalaumu wenye harusi?

Kodiani haikufa. Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 2002, inafundisha taarabu ya asili kwa vijana. Siku hizi hoteli za watalii hualika vikundi vidogo vya ala hizo za zamani, huku harusi nyingi za mitaani zikicheza kwa kinanda cha umeme. Mwenye shughuli anayeitaka kodiani yenyewe na aitaje kwa jina anapopatana na kikundi. Akisema “taarabu” tu, huenda akaletewa spika.