Uchoraji wa Nyuso Katika Mitaa ya Eastlands

Mowlem, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, umo katika eneo bunge la Embakasi Magharibi pamoja na Umoja na Kariobangi Kusini. Katika mtaa huu na mingine ya Eastlands, sanaa ya kuchora nyuso imekulia barabarani, kwenye kuta za vinyozi na ubavuni mwa matatu.

Fundi hugawanya picha ndogo kwa miraba, kisha hunakili kila mraba kwa ukubwa zaidi ukutani au kwenye bati. Mwanagenzi hujifunza kwa kutazama na kurudia.

Mwaka 2004, kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki ziliamuru matatu zipakwe mstari wa manjano, na michoro ikapungua. Katika muongo uliofuata ilirejea kwa nguvu, ikiwa na nyuso za wanamuziki na wanasoka.

Mwanagenzi si lazima awe kijana; wasanii wa Kenya wameonyesha kwamba umri si kizuizi. Rosemary Karuga, aliyezaliwa 1928, alisomea sanaa Makerere, akafundisha shule kwa miaka mingi, kisha akarudia sanaa katika miaka ya 1980. Alibandika vipande vya karatasi za vifungashio na kuunda taswira za watu na wanyama.

Kwa mtu mzima anayeanza kuchora nyuso, msingi ni uleule wa kijana: macho hukaa karibu na katikati ya kichwa, vivuli hutangulia nywele na kope, na mazoezi ya kila siku hunoa jicho kabla ya mkono.